Hesabu ya Magari Pasipo na Njia

Wapangaji wa barabara zetu wana ada waliyoirithi, nayo ni kuhesabu magari yapitayo njiani kwa siku, kisha kuamua kwa hesabu hiyo ni njia ipi istahikiyo lami na ipi ingoje. Na ada hii, ambayo machoni pa mhasibu ni insafu tupu, maana haimpendelei mtu kwa kabila wala chama, hapa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, imegeuka dhuluma, kwa kuwa gari halipiti pasipo na njia, na pasipopita gari hapahesabiwi kitu, na pasipohesabiwa kitu hapajengwi.

Asili yake haifichiki. Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965 uliagiza fedha za maendeleo zielekezwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye mvua, ardhi nzuri na usafiri uliokwisha kuwapo. Na watu wa kaskazini, ambao Mwingereza alikuwa amewatenga kwa sheria za wilaya zilizofungwa, wakaachwa wangoje masazo.

Haifai kuwa wachoyo wa shukrani. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, yapata kilomita 500, ilikamilika muongo uliopita, na aliyewahi kuisafiri njia ile zamani hawezi kuidharau. Lakini barabara hiyo, kadhalika LAPSSET, mradi wa bandari, reli na barabara uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, ilipangwa kwa ajili ya shehena ziendazo Ethiopia na kwingineko; na kiwanja cha ndege cha hapa Isiolo kilichofunguliwa mwaka 2017, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 2.7, kilipewa jina la kimataifa ilhali njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 tu, isiyotosha ndege kubwa ya mizigo. Yote haya yameifanya Isiolo mahali pa kupitia. Anayekaa hapa hakuulizwa aendako.

Na aendako, aghalabu, ni mjini kutoka Merti au Garbatulla, miji midogo ya kaunti hii. Mwenye haja ya hospitali ya rufaa, ambayo iko Isiolo mjini, hudandia lori lililopakia mifugo: mbuzi chini, abiria juu wameshika vyuma, mama amemfunga mtoto mgongoni kwa leso, na mgonjwa, akibahatika, hulazwa juu ya magunia nyuma ya kichwa cha gari, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo kidogo. Mvua ikinyesha na laga, yaani mto wa msimu, kufurika, wote hulala njiani. Safari hiyo haimo katika hesabu ya mpangaji ila kama lori moja, seuze wale walioghairi safari kwa kukosa nauli!

Na nauli yenyewe ina kodi ndani yake. Kila lita ya dizeli hutozwa ushuru wa kukarabati barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024, na tajiri wa lori huutia katika bei anayomtoza abiria wake. Kwa hiyo mtu wa Merti huilipia lami asiyoikanyaga, tena kwa kiwango kile kile cha mwenye gari la fahari jijini Nairobi.

Watasema watu ni wachache: 268,002 kwa sensa ya 2019, katika kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na kuwatandazia lami wote ni israfu. Hujja hiyo ingekuwa na nguvu kama lami ndiyo iliyodaiwa. Kinachodaiwa ni changarawe iliyoshindiliwa vyema, vivuko vya saruji penye laga, na basi la abiria lenye siku zake maalumu kila wiki, likipewa ruzuku na serikali hata kama viti havikujaa. Ibara ya 204 ya Katiba iliweka Hazina ya Usawazishaji, yenye asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, na ikazitaja barabara bayana; fedha zake zimekuwa zikicheleweshwa miaka nenda miaka rudi. Basi kabla ya bajeti ijayo kusomwa, wizara na kaunti zichapishe kwa kila njia, kando ya idadi ya magari, mambo mawili zaidi: saa anazotumia mgonjwa kufika hospitali, na siku ambazo njia hufungwa kwa mwaka.