USICHOME VAZI LA BIBI YAKO KWA SABABU YA MWANASESERE



Ndugu yangu, dada yangu, soma mpaka mwisho, maana somo hili limeanza kunichapa mimi mwenyewe.

Miaka ya nyuma mama mmoja aliniletea mwanasesere wa kitambaa aliyeachiwa na bibi yake. "Ustadhi, nimweke au nimtoe?" Sikuuliza lolote. Nikasema: "Choma." Akaenda akachoma. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba yule mwanasesere alivishwa buibui la ukaya, limeshonwa kwa mkono, na kamba yake ya kufungia kichwani, kama walivyovaa wanawake wa mwambao zamani. Bibi alilishona ili wajukuu walijue. Katika nyumba ile hayupo tena anayeweza kulikata. Nimechomesha ushahidi wa stara ya mama zetu, nikadhani nimetetea dini!

Basi tambua haya:

1. HUKUMU BILA KUULIZA SI ELIMU. Mama yetu Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa na wanasesere wake ndani ya nyumba ya Mtume ﷺ. Wenzake wakija kucheza, Mtume ﷺ hakuwafukuza. Alikuwa hata na farasi mwenye mbawa za vitambaa, na Mtume ﷺ alipoulizia mbawa hizo na kujibiwa, alicheka. Wanachuoni wengi wakawavua wanasesere wa watoto katika makatazo ya sanamu. Wengine wakasema ruhusa ile iliondolewa. Hiyo ni khilafu ya watu wa elimu. Wewe unayeandika "shirki!" chini ya kila picha, umesoma wapi?

2. WENZETU WANAHIFADHI. Delhi, India, kuna jumba la makumbusho ya wanasesere lililoanzishwa na mchora katuni K. Shankar Pillai. Chanzo chake ni mwanasesere mmoja tu, aliyepewa na balozi wa Hungaria. Jumba likafunguliwa mwaka 1965, na leo lina wanasesere zaidi ya 6,000 kutoka nchi kama 85. Lakini mimi kilichonigusa ni karakana yake. Humo hutengenezwa kwa mkono wanasesere wa India yenyewe: mabibi harusi wa majimbo mbalimbali, wachezaji wa Kathakali na mavazi yao mazito. Kabla ya kushona huchunguza kwanza: nguo hii hukatwaje, pambo hili huvaliwa wapi? Kisha huwatuma nchi za nje, nao wakapokea wa huko. Mtoto akisimama mbele ya kabati la kioo, anaona bibi wa bibi yake alivaa nini. Sisi je, binti yako akikuuliza ukaya ni nini, utamwonyesha nini? Picha iliyofifia kwenye simu?

3. UTASEMA: "Ustadhi, wale wa Aisha walikuwa wa kuchezea, hawa ni wa kuwekwa kabatini." Umesema jambo la maana, na kwa kabati wapo wanachuoni wanaokataza. Sikulazimishi. Ikiwa sura inakukera, mtengeneze wa kitambaa asiye na macho wala pua. Bado unaona tatizo? Litundike vazi peke yake. Lakini darizi, pindo na mkato wa kanzu vimekukosea nini hata uvitie moto?

4. NA HAPA NDIPO UNAFIKI WETU UNAPOJITOKEZA. Sikukuu ikifika unamnunulia binti yako mwanasesere wa plastiki, kavaa nusu uchi, na hujamuuliza sheikh yeyote. Yule wa bibi, aliyestirika kuanzia utosi mpaka kisigino, ndiye uliyemwona sanamu! Hiyo si hofu ya Allah, ndugu yangu. Hiyo ni dharau ya kilicho chetu, tumeivisha kilemba.

Nakuomba jambo moja wiki hii. Kama kwenu yupo bibi anayejua kushona nguo za zamani, nenda ukae naye. Mpelekee uzi na kipande cha kitambaa, vazi dogo halili kitambaa kingi. Mwambie akuonyeshe, na binti yako aangalie mikono yake. Tukishamzika, hakuna fatwa itakayotufundisha ule mkato.

Yule mama nilimfuata nikamwomba radhi. Alinisamehe. Buibui halikurudi.

Ewe Allah, tusamehe ulimi unaotangulia elimu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.