Karani wa mzani ni mwajiriwa wako

Ufuta wa Kilwa, kabla haujafika mnadani chini ya Lindi Mwambao, hupita kwanza mikononi mwa mtu mmoja: karani wa AMCOS. Ndiye anayekagua kama ni mkavu na msafi, anayepima na kumwandikia mkulima stakabadhi. Akikosea kilo mbili, anayeumia ni mkulima.

Tumezoea kumlaumu. Wengine humwita mwizi hata kabla mzani haujatulia. Lakini mara nyingi mtu huyu ameajiriwa kwa msimu tu, pengine kwa mdomo, na foleni ikirefuka hupima hadi usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu.

Kinachovunja moyo zaidi, kwa maoni yetu, hata si ujira. Ni kukosa kauli. Chukua mfano wa mkulima aliyeleta magunia mawili, moja likakutwa na mchanga. Karani anajua la kufanya: apokee lile safi, la pili lichekechwe hapo hapo. Lakini hana ruhusa mpaka katibu aje, na katibu yuko Masoko. Jua linazama, na mnunuzi wa kangomba anamkuta mkulima nje ya ghala akiwa na fedha taslimu. Chama kimekosa mzigo, na kimekosa ushuru ule ule unaomlipa karani.

Hata wenye migahawa pale Nangurukuru wanalijua hili. Mhudumu asiyeweza kubadilisha sahani iliyopoa mpaka bosi aitwe, abiria hamngoji.

Wapo watakaosema kumpa karani madaraka ni kumkabidhi fisi bucha. Hofu hiyo tunaielewa, kusini tumeona mengi. Ndiyo maana kila uamuzi uandikwe daftarini, mkulima naye atie saini.

Ndugu mwanachama, mwajiri ni wewe. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mamlaka ya juu ya chama ni mkutano mkuu. Makisio yakisomwa, usiridhike na jumla. Uliza fungu la karani ni kiasi gani, mkataba wake uko wapi, na mambo gani anaruhusiwa kuamua mwenyewe. Chama kinachoona ni mzigo mkubwa kianze na mzani mmoja msimu wa ufuta, kisha kitazame hesabu zake kabla korosho hazijaanza kuingia Oktoba.