Umeme wa taka? Malindi ianze na maembe yaliyooza

Ukipita sokoni Malindi jioni, msimu wa maembe, pua inajua uko wapi kabla ya macho. Maembe yaliyopondeka, maganda ya ndizi, makumbi ya madafu, matumbo ya samaki, yote lundo moja, na juu yake chupa za soda na nepi. Lori likija kesho (likija!) litabeba mseto huo wote hadi jaani. Huko utatiwa moto, na moshi utarudi mtaani kwako bila kulipa nauli.

Ndiyo maana ahadi ya "umeme wa taka" inapendeza masikioni. Mtambo uje, uchafu uishe, stima ishuke bei, vijana wapate kazi. Nani atakataa? Lakini hebu tuulize kwanza: taka gani hiyo?

Tazama Addis Ababa. Machi 2017, jaa la Koshe liliporomoka likaua zaidi ya watu 100. Agosti 2018, Ethiopia ikazindua papo hapo mtambo wa Reppie, uliojengwa uchome takriban tani 1,400 za taka kwa siku. Ni mradi wa mamilioni ya dola, katika mji wa mamilioni ya watu, na bado haujaenda bila kukwama. Hapa kwetu, jaa la Dandora jijini Nairobi lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001, na mipango ya kuligeuza umeme imekuja na kupita. Malindi ni mji wa watu laki moja na kitu. Fanya hesabu mwenyewe.

Shida nyingine ni maji. Kule Ulaya wanakochoma taka, pipa limejaa karatasi na plastiki kavu. Pipa la Mpwani ni la maganda. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea. Ukilitia embe bovu motoni, moto unatumia nguvu zake kukausha maji kwanza. Ni kama kupika kwa kuni mbichi: machozi mengi, ugali hauivi.

Lakini embe hilo hilo, ukilifungia ndani ya tangi lisiloingia hewa, vijidudu vinalila na kutoa methani, yaani gesi ya kupikia. Na hii si stori ya mbali. Shamba la Kilifi Plantations, hapo Kilifi tu, limekuwa na mtambo wa bayogesi tangu 2007, wa takriban kilowati 150. Unalishwa mabaki ya mkonge na samadi ya ng'ombe. Ukikamua kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kama kilo 4 tu, zilizobaki ni uchafu. Wao wakauona uchafu huo kuwa mafuta, na tope linalobaki baada ya gesi kutoka linafaa kuwa mbolea. Naivasha nako, kwenye Gorge Farm ulijengwa mtambo wa zaidi ya megawati 2 wa kutumia mabaki ya mboga na maua.

Mbona huko kunawezekana na sokoni hakuna kitu? Kwa sababu mabaki ya mkonge hayana nepi ndani. Basi. Taka yao imetenganishwa tangu ilipozaliwa, na ina mwenyewe.

Kisheria, hata sisi tunatakiwa kutenganisha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema hivyo, na Katiba imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka. Lakini wewe utenganishe ndoo mbili nyumbani, halafu lori moja lije limwage zote pamoja? Hata mimi ningeacha.

Tena sidhani Malindi ina njaa ya umeme wa taka. Pale Langobaya kuna mitambo ya sola yenye uwezo wa megawati 52 inayolisha gridi ya taifa. Jua limeshafanya kazi hiyo. Kinachouma ni jiko: bei ya makaa, bei ya mtungi wa gesi. Muulize mama anayekuuzia viazi karai. Gesi ya maganda ya soko ingeweza kufika kwenye jiko la shule au hoteli iliyo jirani, bila nyaya wala mkataba na kampuni ya umeme.

Halafu kuna wale wanaookota plastiki jaani na kuuza kwa kilo. Mtambo wa kuchoma unapenda plastiki, kwa kuwa ndiyo inayowaka vizuri. Kwa hivyo utakula riziki yao, uyaache maembe yakioza pale pale. Watamu, EcoWorld inakusanya plastiki za ufuoni na kuzipeleka kuchakatwa upya, na kuna watu wanaotegemea kazi hiyo. Mwanasiasa anapokuhesabia ajira za mtambo, mwombe ahesabu na hizi.

Kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti kikitangazwa, wengi wetu tunakiona kwenye WhatsApp na kupita. Safari hii nenda. Wakianza habari za megawati, inua mkono uulize lori la pili, la maganda tu, litaanza lini kupita sokoni, na siku gani za wiki.