Ati Walikuwa Watu wa Wakati Wao

Kuna jibu moja nililowapa wanafunzi wangu kwa miaka mingi ambalo leo, katika uzee wangu, ninalionea haya. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na pamoja na kazi za ofisini sikuacha kushika chaki, nilifundisha historia. Siku moja tulikuwa tukisoma uasi wa makoloni 13 ya Marekani dhidi ya Mfalme wa Uingereza. Nilikwisha kueleza habari za kodi ya stempu ya mwaka 1765, za chai iliyotoswa baharini mjini Boston mwaka 1773, na za Tangazo la Uhuru la Julai 1776, ambamo Thomas Jefferson aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwanachuo mmoja wa kike, aliyeketi nyuma kabisa, akanyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "bwana huyu alipokuwa akiandika maneno hayo, ni nani aliyekuwa amesimama nyuma yake kumhudumia?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nami nikacheka, kisha nikamjibu kama nilivyojibiwa na walimu wangu: tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo; wale walikuwa watu wa wakati wao. Binti yule akaliandika jibu langu katika daftari lake, na bila shaka amekwisha kuwapa watoto wa watu.

Leo nalikana jibu lile. Nalikana kwa sababu si kweli.

Kwanza, swali lenyewe lilikuwa na jibu. Jefferson alikwenda Philadelphia akifuatana na kijana wa miaka 14 aitwaye Robert Hemings, mtumwa wake, ambaye kazi yake ilikuwa kumtumikia. Tena kijana huyo alikuwa ndugu, kwa baba, wa mke wa Jefferson. Katika maisha yake yote Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Sikuyajua hayo siku ile, na badala ya kusema sijui, nikajificha nyuma ya msemo.

Pili, na hili ndilo kubwa, hebu tuuchunguze msemo wenyewe. Wakati wao ni wakati wa nani? Robert Hemings hakuishi katika karne nyingine. Watumwa nao walikuwa watu wa wakati ule ule, na walikuwa na fikra zao juu ya utumwa. Tunaposema kwamba watu wa zama zile hawakuuona ubaya wake, tumekwisha kuwatoa watumwa katika hesabu ya watu. Mwalimu anayesema hivyo anarudia kosa la mabwana wao, tena bila hata kupata faida ya pamba.

Nao hawakukaa kimya. Mwaka 1773, mwaka ule ule wa chai, watumwa wa Massachusetts walipeleka maombi ya maandishi kwa wakuu wa koloni wakidai uhuru. Mwaka 1777 Prince Hall na wenzake weusi waliliandikia baraza la jimbo hilo hilo, wakisema kwamba hoja walizotumia Wamarekani dhidi ya Mwingereza zinawatetea wao kwa nguvu zaidi. Mwaka 1781 mwanamke mtumwa, Elizabeth Freeman, alimshitaki bwana wake mahakamani kwa kutumia Katiba mpya ya Massachusetts iliyotamka kwamba watu huzaliwa huru na sawa. Akashinda. Weupe nao walikuwamo: Vermont ilipiga marufuku utumwa wa watu wazima katika katiba yake ya 1777, na Pennsylvania ikapitisha sheria ya kuuondoa hatua kwa hatua mwaka 1780.

Wengine walijibu kwa miguu. Novemba 1775 gavana wa Mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake. Hakufanya hivyo kwa huruma, maana yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, alitaka askari. Lakini maelfu walikimbilia upande wa Waingereza. Mmoja wao alikuwa Harry Washington, aliyetoroka kutoka shamba la George Washington mwenyewe. Vita ilipokwisha mwaka 1783, alikuwa miongoni mwa weusi wapatao 3,000 walioondoka na meli za Waingereza kutoka New York kwenda Nova Scotia. Mwaka 1792 akahamia Sierra Leone, na mwaka 1800 akawa miongoni mwa walowezi walioasi kampuni iliyowatawala, wakipinga kodi ya ardhi. Msomaji wangu, ajabu iliyoje! Bwana na mtumwa wote wawili waliasi kwa ajili ya kodi. Mmoja amechorwa kwenye noti ya dola. Mwingine alifukuzwa koloni, na vitabu vyetu vya shule havimtaji kabisa.

Mtetezi wa wakubwa atasema: sawa, walijua, ila bila mapatano nchi isingeundwa. Tuyatazame basi mapatano hayo. Katiba ya mwaka 1787 ilikubali kwamba katika kugawa viti vya Bunge, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kwamba Bunge lisizuie kuingizwa kwa watumwa kutoka nje kabla ya mwaka 1808. Na kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa mwenyewe. Mambo matatu hayo yote yamo, lakini neno "mtumwa" halimo. Waliandika "watu wengine". Neno "utumwa" liliingia katika Katiba mwaka 1865 tu, pale utumwa wenyewe ulipofutwa. Sasa niulize: mtu asiyeona ubaya wa jambo hulificha jina lake kwa nini? Haya ile ndiyo ushahidi. Walijua.

Na deni halikufa kwa kufichwa. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000. Mashine ya kuchambua pamba ilipobuniwa mwaka 1793, pamba ikawa dhahabu, na kufikia mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4. Vita ya 1861 hadi 1865 ikaua zaidi ya watu 600,000. Hii ndiyo riba ya mapatano ya 1787, na hawakuilipa wale waliotia sahihi. Walilipa wajukuu wao na wajukuu wa watumwa.

Wapo wanaosema vita ile haikuhusu utumwa, ilihusu haki za majimbo. Nao wasome sawasawa. Sheria ya 1850 ya kukamata watoro ilitumia nguvu za serikali kuu kuyalazimisha majimbo ya Kaskazini kurudisha watu utumwani, na waliyoitaka ni Kusini. South Carolina ilipojitenga Desemba 1860, katika tamko lake ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kurudisha watoro. Yaani ililalamikia majimbo kutumia haki zake! Na Machi 1861, huko Savannah, Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali ya waliojitenga, alieleza hadharani kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe.

Mtu asidhani haya ni ya mbali na hayatuhusu. Babu zetu waliita shuka zile za pamba "merikani", kwa sababu zililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said. Ilifumwa Kaskazini kwa watu huru, lakini pamba yake ilichumwa Kusini na watumwa. Hapa ilibadilishwa kwa pembe za ndovu, ambazo mara nyingi zilibebwa na watumwa. Vita ya Marekani ilipozuka, merikani ikaadimika na kupanda bei mpaka bara.

Kwa hiyo pishi ya kupimia ni moja. Nimewasikia walimu wakimlaani Tippu Tip, na ni haki yao, kisha wakawaombea msamaha mabwana wa Virginia. Nimewasikia na wengine wakiwasafisha matajiri wa pwani yetu kwa msemo ule ule wa wakati wao. Hasha! Katika misafara ile pia walikuwamo watu wa wakati ule, wamefungwa minyororo, nao walijua vema kama ni haki au si haki.

Simkatazi mwalimu kumsifu Jefferson kwa kalamu yake. Maneno yale ni mazuri, na walioyashika kwa dhati zaidi ni Elizabeth Freeman na Prince Hall. Ninachokataa ni kuwafundisha vijana kwamba dhamiri ilizaliwa juzi.

Kama binti yule bado anafundisha, na kama kitabu hiki kitamfikia, namwomba afute lile jibu katika daftari lake. Jibu la swali lake ni Robert Hemings, miaka 14. Niwie radhi, mwanangu, kwa kuchelewa.