Mbuzi kwenye gunia la maabara

Jamani, hebu tuambizane ukweli. Kila wiki magazeti yanaandika "wanasayansi wamegundua". Wamegundua chanzo cha pumu, wamegundua protini ya baridi yabisi, wamegundua hiki na kile. Sisi waandishi tunanakili, nyie wasomaji mnameza, kesho tunahamia habari nyingine. Swali moja hatuulizi: hiyo protini waliionaje?

Maana protini haionekani hivi hivi. Mtafiti hununua kichupa cha kingamwili ya maabara, anaiweka juu ya seli, na ikinata anasema "ipo". Sasa ikinata mahali pasipo pake? Mtafiti ameona kisichokuwepo, na sisi tumekitangaza.

Chukua uvimbe. Ukichomwa na mwiba, kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba. Ndani yake chembechembe nyeupe za damu zinanata kwenye ukuta wa mshipa, kisha zinapenya kwenda kwenye jeraha. Mojawapo ya protini zinazozishika ukutani inaitwa ICAM-1. Kundi la Timothy Springer huko Boston liliitambulisha mwaka 1986 kwa kutumia kingamwili. Hawakuiokota dukani. Walitengeneza kingamwili, wakachagua ile iliyozuia seli zisishikamane. Yaani waliipa kazi kwanza, ndipo wakaiamini.

Mwaka 1989 ikaonyeshwa kwamba seli nyekundu zenye vimelea vya malaria nazo hunata kwenye ICAM-1 hiyo hiyo. Hapo si habari ya Boston tena. Malaria inapopanda kichwani, seli hizo zinakuwa zimenata kwenye mishipa midogo ya ubongo. Na mwaka 1997, aina moja ya ICAM-1 iliyoonekana kwa watu wengi wa pwani ya Kenya ilipewa jina la Kilifi. Kwa hiyo kipimo cha kubabaisha hapa si mchezo wa wasomi. Watoto wanaougua ni wa kwetu.

Na ubabaishaji upo. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba kama dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kingamwili zisizofaa. Mwaka 2023 kundi lenye kitovu Montreal, Kanada, lilichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 za dukani, zilizouzwa kwa ajili ya protini 65. Zaidi ya nusu zilifeli angalau jaribio moja. Kwa wastani, kila protini ilikuwa na makala kama 12 zilizotegemea kingamwili isiyoitambua kabisa! Hizo zilikuwa protini za mfumo wa neva, si ICAM-1, lakini duka ni lile lile.

Wapo wanaojitetea: "Kampuni imeweka picha kwenye karatasi ya maelezo." Ndugu zangu, tangu lini muuzaji akawa shahidi wa bidhaa yake? Wengine wanasema sayansi hujirekebisha yenyewe. Kweli, ila kwa hela ya nani? Maikrogramu 100 za kingamwili, uzito wa punje moja au mbili za chumvi, huuzwa mamia ya dola. Maabara tajiri ikiuziwa mbuzi kwenye gunia itanunua mwingine. Mwanafunzi wa uzamili wa Dar au Nairobi mwenye ruzuku ya kuungaunga ndiyo basi tena, miaka yake miwili imekwenda na maji.

Dawa yake inajulikana. Chukua seli ambazo jeni ya protini hiyo imeondolewa, weka kingamwili. Ikinata hata hapo, ni feki kwa kazi hiyo, itupe. Jarida lisilodai picha ya jaribio hilo lisituletee "ugunduzi". Na mwandishi asiyeuliza "kingamwili ilihakikiwa vipi?" aache kujiita mwandishi wa sayansi, aseme tu anatafsiri matangazo.

Siku hizi mtu hanunui simu Kariakoo bila kuiwasha kwanza. Kwa nini tukubali habari za damu za watoto wetu zitoke kwenye kichupa ambacho hakuna aliyekijaribu?