Sukari Haikuua Peke Yake

Jamani waandishi wenzangu, leo sileti hadithi. Nina ugomvi na maneno matatu tu: "Alikuwa na sukari."

Mwanzoni mwa 2021, ukienda msibani Manundu pale Korogwe, au Chanika kule Handeni, ndiyo uliyoyakuta mkekani. Mzee kakohoa siku nne, kakosa pumzi, kafa. Ukiuliza kafa na nini, jibu lipo tayari: alikuwa na sukari. Mwingine ati presha. Akikosa vyote, basi "changamoto ya upumuaji". Korona haitajwi. Takwimu za taifa zenyewe zilikwama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya hadi 2021.

Sasa nauliza. Mzee kaishi na sukari miaka kumi na mitano, analima, anapanda basi kwenda mnadani. Sukari ile ile ndiyo iamue kumwua kwa siku nne? Mchwa wameula ukuta wako, jambazi akausukuma usiku akaiba. Asubuhi utawaambia polisi mwizi ni mchwa?

Wabishi watasema si kila anayekufa na virusi mwilini kauawa na virusi. Kweli kabisa. Aliyegongwa na lori Segera kauawa na lori, hata kama alikuwa na korona. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kulieleza hilo Aprili 2020: ajali ihesabiwe ajali, lakini korona ikimwua mwenye sukari, kifo ni cha korona, na sukari iandikwe sehemu ya pili ya fomu ya daktari, kama ugonjwa uliochangia. Vyote viwili vinaandikwa.

Wala hatukuanza jana. Wangapi walikufa kwa UKIMWI, matangani tukaambiwa ni kifua tu? Kanuni za kimataifa zinasema mwenye virusi vya UKIMWI akifa kwa kifua kikuu, kifo kihesabiwe cha UKIMWI.

Hasara ni ya nani? Ni ya mwenye sukari aliye hai. Angeambiwa kweli, angejua kuwa yeye ndiye wa kukingwa kwanza. Badala yake alirudi kutoka makaburini akiamini korona haikupita kwao.

Nawe unayeota kuandika riwaya, ukifika kwenye msiba huo usiandike "alikuwa na sukari" ukaweka nukta. Ziandike na zile siku nne.