Kosa la Nani? Maneno ya Kiingereza na Mizani ya Mhakiki

Katika madarasa ya Kenya, orodha ya makosa ya kawaida ya Kiingereza imepewa hadhi inayokaribia ya sheria. Mwanafunzi huonywa asichanganye 'borrow' na 'lend', na asimwambie aliyejikwaa 'sorry' ilhali si yeye aliyemwangusha. Hapana ubaya kufundisha kaida za lugha, na mtahiniwa hana budi kuzijua. Ubaya huanza pale mhakiki wa fasihi anapoichukua orodha hiyo akaifanya mizani ya kupimia akili ya mhusika, ya mwandishi, au ya jamii nzima.

Yafaa mifano yenyewe ichunguzwe. Kitenzi 'azima' katika Kiswahili hubeba pande zote mbili za tendo: mwenye kitabu huazima, na asiye nacho huazima vilevile, muktadha ndio uamuao. Aliyelelewa katika mantiki hiyo, akikosea kuchagua kati ya vitenzi viwili vya Kiingereza, hajashindwa kufikiri. Amefikiri kwa lugha yake. Hali kadhalika, 'sikia' haikufungwa masikioni: Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa na baridi. Naye Mkenya amwambiaye aliyejikwaa 'sorry' hakiri hatia yoyote. Anatafuta mahali pa kuweka 'pole', neno la kushiriki maumivu ya mwenzake, ambalo Kiingereza hakina kisawe chake kamili. Aidha, aulizwaye 'Hukuja jana?' akajibu 'Ndiyo', huafiki kauli ya muulizaji kwamba hakuja. Mwingereza huafiki kauli iyo hiyo kwa kusema 'no'. Hizi ni mantiki mbili, na hakuna iliyo pungufu.

Watetezi wa orodha hudai kwamba kila neno lina maana yake ya haki, na aiachaye amepotoka. Historia ya Kiingereza chenyewe yawakana. Neno 'nice' lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya kutojua, na katika Zama za Kati lilimaanisha mpumbavu. Katika tamthilia ya Shakespeare, The Tempest, Caliban, mtumwa aliyepokonywa kisiwa chake, hutumia 'learn' kwa maana ya kufundisha. Matumizi hayo hayakuwa ajabu zama hizo. Mwanafunzi wa leo akiyarudia hutiwa wino mwekundu. Kumbe 'kosa' aghalabu ni hukumu ya wenye mamlaka katika wakati fulani. Mhakiki asiyeuliza ni nani ahukumuye, na kwa maslahi ya nani, amekwisha kuiacha kazi yake.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), alieleza jinsi watoto walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kunaswa wakisema Kikuyu shuleni. Mhakiki anayeyasoma 'makosa' ya mhusika kama ushahidi wa ujinga anaiendeleza adhabu ileile kwa kalamu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wasomi wanaokesha wakilinda mipaka ya Kiingereza huziacha zipite tasnifu za Kiswahili zinazosema 'mwisho wa siku' kwa maana ya hatimaye, au zinazomwambia mtafiti 'awakilishe' makala badala ya kuyawasilisha. Itaulizwa: ikiwa athari ya Kiswahili katika Kiingereza yatetewa, mbona athari ya Kiingereza katika Kiswahili yalaumiwa? Jibu ni kwamba swali lapaswa kuwa moja pande zote mbili: matumizi mapya yanaleta maana gani ambayo lugha haikuwa nayo? 'Sorry' ya Mkenya yaleta huruma ya 'pole'. 'Mwisho wa siku' haileti chochote. Yaisukuma 'hatimaye' nje ya nyumba yake, na kumwacha msikilizaji akifikiria machweo. Kuchanganya 'wakilisha' na 'wasilisha' kwaua tofauti iliyokuwapo.

Kwa hivyo, kabla mhakiki hajaandika neno 'kosa' pambizoni, na aeleze kwanza mantiki ya msemaji, chimbuko lake, na faida au hasara yake kwa maana. Akishindwa kueleza hayo, aufute wino wake. Na kipimo hicho akitumie kwa Kiswahili kwa ukali uleule anaoutumia kwa Kiingereza, la sivyo uhakiki wake utabaki utumishi wa lugha moja katika nyumba ya nyingine.